Maswali ya wasomaji: Kompyuta nzito, iangalie kwanza ndo uisafishe

Wasomaji wangu habari zenu. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinalia na kitu kimoja, kompyuta imekuwa nzito, imewekwa programu ya kusafisha, bado nzito. Nyingi zimetoka huku huku kwetu Mwanza na pembeni ya ziwa, kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimeuweka kwenye hilo. Majina nimeyaacha, nimeweka kazi na mahali, na barua ndefu nimezifupisha.

Mwanangu fundi habari za kazi. Nina steshenari hapa Igoma, kompyuta ni moja ya mezani, nachapa barua na CV na kuprinti. Ilikuwa nzuri tu ila sasa hivi nikiiwasha asubuhi nafagia duka, nafagia na nje, nikirudi bado inazunguka, mteja ananiaga anaenda kwa jirani. Kijana mmoja akaniwekea programu tatu za kusafisha, moja kila siku inaniandikia nina makosa 1,300 na kitu, nilipie ndo iyatoe. Nilipie? Na mbona tangu aziweke ndo imezidi? Ina Windows 10 na ramu 4GB. — Mama Steshenari, Igoma

Shikamoo mama. Usilipe hata shilingi moja. Hayo wanayoyaita makosa nimeshayafungua mara nyingi nikaangalia moja moja ni nini, unakuta ni kuki za tovuti ulizotembelea, faili za muda, na mistari ya zamani kwenye rejistri, yaani lile daftari ambalo Windows inaandikia mipangilio yake na ya programu zote. Hilo daftari lina mistari mingi mno, ukifuta mia tatu iliyoachwa na programu uliyoitoa mwaka juzi hakuna kasi yoyote utakayoiona, lakini ukifuta mmoja tu unaotumika kesho yake printa inagoma au Windows haiwaki kabisa. Microsoft wenyewe wameandika wazi kwamba programu za kusafisha rejistri hawaziungi mkono. Ile namba kubwa imewekwa ili uogope utoe hela, basi.

Na sizungumzii programu za uchochoroni peke yake. CCleaner mafundi wengi tumeshawaweka watu, mimi mmojawapo, sasa mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake wakapachika kirusi ndani ya toleo la 5.33, likatoka rasmi tarehe 15 mwezi wa nane na likakaa karibu mwezi mzima kabla halijagundulika, kompyuta zaidi ya milioni 2 zikawa zimeshalipokea. Walitoa toleo jingine safi na programu ipo mpaka leo, simlaumu anayeitumia, ila ninachosema ni kwamba kazi yenyewe ya kusafisha Windows inaiweza bila mgeni, sasa kwanini uingize mgeni ndani umpe na funguo zote?

Sasa kuhusu kuzidi uzito, mama hizo tatu zote zinaamka pamoja na kompyuta na kila moja inaanza kupekua diski nzima muda ule ule unaosubiri kuchapa barua ya mteja. Kwa hiyo kesho kaa nayo dakika tano. Ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inatokea Task Manager, kama imekuja ndogo bonyeza More details chini. Utaona safu za CPU (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), Memory (ndo hiyo ramu, sehemu inapoweka kazi za muda ule) na Disk na asilimia zake. Mashine ya 4GB yenye diski ya zamani ya kuzunguka mara nyingi unakuta Memory ipo 80 na kitu na Disk imeganda kwenye 100%. Bonyeza neno Disk lenyewe, programu inayokula zaidi inapanda juu, na mimi nategemea utaziona hizo tatu hapo. Halafu nenda sehemu ya Startup, hiyo ni orodha ya vitu vyote vinavyoamka na kompyuta, kila usichokihitaji asubuhi kibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague Disable. Programu ya miziki, ya kuchati, ya magemu, hizo za kusafisha, zote zizime, hazifutiki na ukitaka kuzifungua zitafunguka tu kama kawaida. Antivairasi na sauti ziache. Hizo tatu nenda kwenye Settings, Apps, uzitoe moja kwa moja, kisha bonyeza Restart.

Nimesema Restart na siyo Shut down kwa makusudi, maana hili wengi hawalijui. Kwenye Windows 10 ukizima kwa Shut down kompyuta haijizimi yote, inahifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iwahi kuwaka, hiyo inaitwa Fast Startup na mara nyingi imekuja imewashwa. Ndo maana mtu anakwambia mi naizima kila siku, ukienda Task Manager, Performance, CPU, ukaangalia pale palipoandikwa Up time unakuta siku 23. Uchafu wa siku 23 upo ndani. Restart ndo inaianzisha upya kweli kweli, ifanye angalau mara moja kwa wiki.

Usafi wenyewe sasa. Andika Disk Cleanup pale pa kutafutia, chagua C, halafu bonyeza Clean up system files ili ione na mabaki makubwa ya apdeti za Windows. Weka tiki kwenye Temporary files, mabaki ya apdeti, na kama kuna Previous Windows installation na hutaki kurudi toleo la nyuma weka tiki na hapo, hiyo peke yake inaweza kuachia nafasi kubwa sana. LAKINI mama, kabla hujabonyeza OK soma kila tiki. Kuna matoleo ya Windows 10 ambayo folda ya Downloads imo kwenye orodha hiyo hiyo, na kwenye Settings, Storage, Temporary files ipo mpaka leo. Kwa mtu wa steshenari Downloads ndo kabati la wateja, CV walizokutumia WhatsApp, barua za kuombea kazi, vyeti, mtu anarudi baada ya wiki mbili anasema mama niprintie tena ile. Ukiweka tiki hapo vimeondoka vyote na havipiti hata Recycle Bin. Na Recycle Bin yenyewe ichungulie kabla hujaimwaga.

Na kuna jambo ambalo wauza programu hawalisemi. Kufuta kunasaidia pale C inapokuwa imejaa, mimi napenda ibaki angalau moja ya tano iko wazi ili Windows ipate pa kupumulia. Kama diski yako ina nafasi ya 300GB tupu basi hata ukifuta 5GB nyingine haitaongeza kasi, inakuwa umefagia chumba ambacho hakikuwa na uchafu. Uzito wa mashine yako naona unatoka kwenye ramu 4GB, ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama ramu, na diski ya kuzunguka ni ya polepole, ndo hiyo 100% unayoiona. Kwa hiyo hela uliyotaka kuwalipa hao wa makosa 1,300 iweke pembeni, ikitimia nunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, na baadaye ongeza ramu ifike 8GB. Diski ya kuzunguka inasoma kama 100MB hivi kwa sekunde ikiwa inasoma kwa mfululizo na ikirukaruka inashuka vibaya, SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 500MB na kurukaruka haiisumbui. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya bila kupiga Windows upya, yaani bila kuifuta na kuiweka tena, mwambie hivyo hivyo, nataka uhamishe, sitaki upige.

Kaka mambo. Nasoma chuo hapa Nyegezi, laptopu yangu ina SSD ya 256GB. Jamaa ninayekaa naye geto kila Jumapili anafanya defrag kwenye yake anasema inakuwa nyepesi, na mimi nifanye? Halafu nimeweka antivairasi mbili ili niwe salama zaidi. Chrome ndo inanitesa, nikifungua inastaki. — Mwanafunzi, Nyegezi

Poa mdogo wangu. Usifanye defrag. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya diski ya kuzunguka, ambayo ndani ina sahani na kichwa kinachotembea juu yake kusoma, sasa faili ikiwa imekatwa vipande vipande kichwa kinahangaika kama mtu aliyetumwa sokoni nyanya, vitunguu na mafuta akakuta kila kitu kiko kona yake. Defrag inavikusanya vipande vikae jirani. SSD haina kichwa wala sahani, kila kipande kiko karibu sawa na kingine, kwa hiyo unachofanya ni kuandika na kuandika upya bure, na SSD ina kiwango cha kuandikwa kabla haijachoka.

Windows inalijua hilo. Tafuta Optimize Drives, utaona safu ya Media type imeandikwa Solid state drive kwa yako, na ya jamaa yako kama ni Hard disk drive basi hajakosea, ila hana haja ya kusubiri Jumapili maana Windows kwa kawaida imeshapanga kuifanya yenyewe kila wiki. Kwa SSD inachofanya ni kuipelekea taarifa ya sehemu zilizofutwa, inaitwa TRIM, ni kazi ya sekunde chache. Iachie Windows yenyewe.

Antivairasi mbili toa zote mbili mdogo wangu, ubaki na Defender iliyokuja na Windows. Mbili zinakaguana, faili moja inafunguliwa inachunguzwa na hii halafu na ile, hapo ndo kustaki kunapoanzia. Chrome sasa, hesabu vijiprogramu vya nyongeza ulivyoviweka kwenye brauza, vile usivyovitumia mwezi huu vitoe, na kwenye mipangilio ya Chrome washa Memory Saver ambayo inalaza kurasa ulizozifungua ukaziacha. Mtu ana kurasa 40 wazi za asaimenti ya muhula uliopita. Zifunge tu, historia ipo, utazikuta.

Fundi salama? Nafanya biashara ya dagaa na mabondo hapa Kirumba Mwaloni, mahesabu ya mizigo naandika kwenye laptopu. Ikikaa nusu saa inapiga kelele kama mashine ya kusaga, inachoma mapajani, halafu kila kitu kinakuwa polepole, nikiizima ikapoa inakuwa nzima tena. Nimefuta mafaili ya muda yote hamna kitu. Wabeja sana. — Mfanyabiashara, Kirumba

Salama ndugu yangu, na umenisaidia sana kuandika kwamba ikipoa inakuwa nzima, maana hapo jibu umeshalitoa mwenyewe. Hiyo ni joto, na hakuna programu ya kufuta mafaili itakayolitoa. Prosesa ikipanda joto sana, nyingi ni kwenye nyuzi 100 hivi, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ukitaka kuhakikisha, ikianza kelele fungua Task Manager, Performance, CPU, kuna Base speed na kuna Speed. Kama Base ni 2.40 na Speed imeshuka chini ya 1 huku wewe una kazi inakusubiri, inajibana kwa joto.

Laptopu za Mwaloni nimezifungua kadhaa. Moja ilikuja mwezi uliopita, nikatoa skrubu, nikainua feni, kati ya feni na zile bati nyembamba za kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, nikakishika kwa kibano nikakivuta taratibu kikatoka kizima, na umbo la bati limebaki limejichora juu yake. Nikakisogeza kwenye taa. Ndani yake vumbi, nyuzi za magunia, vimagamba vya dagaa vinang'aa kama chengachenga za kioo, na mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi halafu usiku wanajaa kwenye kila taa iliyowashwa. Laptopu yenye kioo kinachowaka usiku pembeni ya ziwa ni taa tu kama taa nyingine, wadudu wanaifuata, feni inawavuta ndani. Upepo ulikuwa hauna pa kutokea hata kidogo. Baada ya kuusafisha ule uchafu na kuweka pesti mpya, ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa, mwenye nayo aliiwasha akadhani imezima, haikuwa na sauti.

Kwa hiyo ipeleke ikafunguliwe, au kama mkono wako ni mtulivu fanya mwenyewe. Izime kabisa, chomoa chaja, chomoa na betri, kama betri ipo ndani itenganishe mara tu ukishafungua mfuniko wa chini. Mapanga ya feni yazuie kwa kijiti cha meno kabla hujapuliza, ukiyaacha yakazunguka kwa upepo mkali unaua feni. Na naomba sana usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi, najua wengi wanafanya hivyo na ni bei rahisi, lakini ule mtungi unakusanya maji, upepo unatoka na matone unayaingiza moja kwa moja kwenye bodi. Tumia blowa ndogo ya umeme au brashi laini. Pesti ya kwenye prosesa kama imekauka imekuwa kama chaki ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, inatosha. Wa ofisini anaweza kukaa mwaka au zaidi, wewe wa Mwaloni mi ningekwambia kila baada ya miezi sita. Na usiiweke juu ya gunia wala kitandani, ile mianya ya chini ndo pua yake.

Fundi, nikiunga bando kwenye simu nikawasha hotspoti laptopu inakuwa nzito na bando la GB 2 linaisha ndani ya saa moja sijafungua kitu. Kuna mtu ananiibia? — Binti wa Buzuruga

Hakuna mwizi dada, ni apdeti za Windows zinashuka, na zikishuka zinaisumbua diski pia ndo uzito unaouona. Bonyeza alama ya waifai, ingia kwenye Properties za hotspoti yako, washa Set as metered connection. Windows itaelewa kwamba hiyo intaneti ni ya kununua kwa kipimo na itaacha kushusha mizigo mikubwa. Ila usizime apdeti moja kwa moja, ukipata waifai ya bure ya kazini au chuoni ziache zishuke, zinaziba matundu wanayopitia wadukuzi.

Habari fundi. Nafundisha sekondari huku Sengerema. Kompyuta ya ofisi ya walimu kila flashi ikichomekwa mafolda yanageuka shotikati, mitihani haionekani, na mashine imekuwa nzito mno. Fundi wa hapa anashauri tupige Windows. Je niipandishe gari niilete mjini? — Mwalimu, Sengerema

Mwalimu heshima yako. Najua siku hizi daraja la Kigongo–Busisi mnalivuka kwa dakika chache na ile foleni ya kivuko imebaki hadithi, lakini huna sababu ya kuileta. Na fundi wenu siyo kwamba kakosea kabisa, ila kapiga hatua ya mwisho kabla ya ya kwanza.

Kwanza waambie walimu wote flashi zao wasizichomeke popote, maana kirusi hicho kinaishi kwenye flashi na mashine kwa wakati mmoja, ukisafisha kimoja kingine kinarudisha. Kwenye kompyuta fungua Windows Security, Virus & threat protection, hakikisha apdeti yake ni ya leo, halafu ingia Scan options uchague ile ya Offline scan. Hifadhi kazi zote kwanza maana inajirestati na inakagua Windows ikiwa haijaamka, kirusi kinakutwa kimelala, inachukua kama dakika 15. Ikirudi ichague Full scan, hiyo iache hata mchana mzima.

Mitihani yenu haijafutika mwalimu, usiwe na wasiwasi na usikubali mtu aiformati hiyo flashi. Kirusi kimeficha mafolda ya kweli kikaweka shotikati mbele, ukiibonyeza ndo unakiamsha tena. Baada ya kukagua, chomeka flashi, angalia imepewa herufi gani, tuseme F, fungua Command Prompt uandike hivi hivi na nafasi zake: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha Enter. Mafolda yatarudi kuonekana, mara nyingine yamo ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue. Nakili mitihani, futa shotikati zote, endelea na flashi ya mwalimu mwingine.

Kama baada ya hapo bado, pigeni Windows, baada ya kutoa nakala za kila kitu. Hapo nina ombi moja tu. Windows nyingi zinazopigwa mitaani zinakuja na kraki ya kuiamilisha, yaani kiprogramu cha kuifanya ionekane imelipiwa, na kraki inakwambia zima antivairasi kwanza. Mnakuwa mmefukuza kirusi kimoja mkafungulia mlango vingine siku hiyo hiyo. Halafu muulizeni fundi anapiga toleo gani, maana Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka ramu isiyopungua 4GB, nafasi ya 64GB na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani za ofisi hazina. Kama yenu haina, mi ningeweka Linux Mint toleo la Xfce, ni ya bure, na 4GB inaitosha, inakuja na LibreOffice inayofungua mitihani yenu ya Word, na hivi virusi vya shotikati havifanyi kazi humo. Walimu watalalamika wiki ya kwanza kwa sababu ya mazoea, mvumilie hiyo wiki.

Fundi mimi nipo Nansio, Ukerewe, napiga picha za harusi na ubatizo. Diski ya laptopu inalia tik tik tik, nikifungua folda ya picha inaganda dakika nzima. Nimepakua programu ya kurekebisha diski na kufanya defrag, nataka niiache ifanye kazi usiku kucha. Ni sawa? — Mpiga picha, Nansio

Hapana kaka, na kama unasoma hapa umeshaiwasha isimamishe sasa hivi.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu kitu hicho hicho nimeshakifanya mimi. Nilikuwa ndo naanza kazi, nina kibanda Makoroboi, baba mmoja akaleta laptopu nzito. Nikasikia ule mlio, sikuujali. Nikafuta mafaili ya muda, nikaweka programu ya kusafisha, jioni nikaanzisha defrag nikafunga mlango nikaenda kulala nikiamini nimemfanyia kazi nzuri. Asubuhi diski haionekani tena, inagonga tu. Humo ndani zilikuwa picha za mwanae aliyefariki na hakuwa na nakala nyingine. Alikaa kwenye benchi la kibanda changu muda mrefu hasemi kitu, na mimi sikuwa na la kumwambia, mpaka leo sina. Tangu siku hiyo kompyuta yoyote ikiingia kwangu, iwe nzito kwa sababu gani, naangalia afya ya diski kabla sijafuta hata faili moja.

Diski inayolia hivyo ina sehemu zimekufa, na kichwa kinarudia rudia kuzisoma, ndo kuganda kwenyewe. Kila dakika inayozunguka inazidi kuumia, na defrag au kukagua diski yote usiku kucha ni kumkimbiza mgonjwa. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ni ndogo, inasoma tu taarifa ambazo diski imejiandikia yenyewe, kama ikiandika Caution au Bad basi usihangaike na matengenezo tena. Lakini kwa mlio huo mimi hata nisingesubiri kuiweka.

Chukua diski ya nje au flashi kubwa sasa hivi uanze kunakili, na usianze kwa kushika folda zote kwa mkupuo. Anza na harusi ambazo hujawakabidhi wenyewe, hizo haziwezi kupigwa tena. Kisha ubatizo wa karibuni, kisha zile ulizokwisha kuwapa watu maana wao wana nakala, miziki na filamu mwisho kabisa au ziache. Nakili folda moja moja, ikigoma kwenye picha moja iruke uende ya mbele, usiilazimishe. Ikianza kuganda muda mrefu izime, iache ipoe kabisa, endelea baadaye. Usiihamishe hamishe ikiwa imewaka. Na picha zikishatoka zifungue kadhaa kwenye diski mpya uone kama kweli zinafunguka, maana jina la faili linaweza kuwepo na ndani hamna kitu. Zile za wateja weka sehemu mbili, siyo moja.

Kama katikati haionekani tena usijaribu programu nyingine yoyote, kuna mafundi wa kuokoa data na wao wanahitaji diski ambayo haijahangaishwa. Ukimaliza kunakili salama njoo nayo tukuwekee SSD, kwa kazi ya picha utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kwenye meli ya Nansio usiiweke na mizigo, ifunge kwenye nguo uipakate, na hata ukishashuka Mwanza usiiwashe kusikiliza kama bado inalia, nifikishie ikiwa imezimwa vile vile.